KWENDA MBIO SI KUFIKA
Somo la Datsun ya Safari kwa wapendao kufufua magari ya kale

Wazee wetu wa Mombasa, wale ambao leo mvi zimewajaa vichwani, bado wazikumbuka siku za Pasaka ambapo nchi nzima ilitega masikio kusikia habari za magari ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Hata aliyekuwa hana baiskeli alikuwa na gari lake alilolishangilia, na mabishano ya barazani juu ya nani atashinda yaliweza kukesha.

Katika magari yote yaliyopita katika vumbi na matope yale, moja limebaki katika midomo ya watu hata leo. Ni Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, refu la boneti na fupi la mgongo, jekundu la mwili na boneti jeusi ili jua lisimpige dereva machoni. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo. Mwaka wa 1973 gari la namna hiyo hiyo likashinda tena, safari hii usukani ukiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeifanya Kenya kuwa kwao, na Lofty Drews akiwa msomaji wa njia. Mwaka huo Mehta alilingana alama sawasawa na Harry Källström, aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine, na kanuni ya kutenganisha ndiyo iliyompa Mehta ushindi.

Miaka zaidi ya hamsini imepita tangu hapo. Magari ya rika lile yamekuwa vitu vya kutafutwa duniani kote. Yuko anayeliona moja limekaliwa na kuku nyuma ya nyumba, roho ikamdunda, akasema: “Hili nitalifufua, na nikilifufua nitalitia mbio kushinda lilivyozaliwa.” Kusema ni rahisi. Lakini kazi hiyo ina mpango wake, na anayeupindua mpango hupoteza mali yake, na pengine roho yake au ya mtu asiyekuwamo.

GARI LENYEWE

Hebu kwanza tulijue gari lenyewe. Lilitoka Japani mwaka wa 1969, na kwao liliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa akisimamia biashara ya Nissan huko Marekani, aliona jina hilo halifai kwa wanunuzi wake, likauzwa kwao kwa jina la Datsun 240Z. Bei yake Marekani mwaka wa 1970 ilikuwa dola 3,526, pesa ambazo mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuzikusanya. Magari ya spoti ya Ulaya yenye mwendo kama huo yalikuwa ya matajiri.

Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita 2,393, na kabureta zake ni mbili. Nguvu iliyotangazwa kwa magari ya Marekani ilikuwa ya farasi 151. Uzito wa gari zima ni kama kilo 1,050 tu. Mbele lina breki za diski na nyuma breki za dramu, na kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake bila kulisumbua jingine. Hayo matatu, wepesi, uimara wa injini na miguu iliyo huru, ndiyo yaliyolifaa katika njia zetu.

Nguvu peke yake haikutosha kushinda Safari. Porsche 911 ilishinda mashindano ya Monte Carlo miaka mitatu mfululizo, 1968, 1969 na 1970, na ilikuja hapa ikiwa na madereva hodari kabisa. Hata hivyo haikupata kuwa ya kwanza katika Safari ile ya asili hata mara moja. Datsun zilizoshinda zilikuwa zimeongezwa nguvu, ni kweli, lakini zilikuwa zimetiwa uimara vile vile. Safari ilikuwa ya anayefika mzima, akiwa na magurudumu yake yote manne.

KUTU KWANZA

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuhadithiwa juu ya chumvi. Upepo wa bahari hula vyuma usiku na mchana, na 240Z ni gari lililojulikana tangu ujana wake kwa kushikwa na kutu. Bati zake ni nyembamba, na zina pembe nyingi ambamo maji huingia yasipate pa kutokea. Penye kutazamwa ni chini ya betri, sakafu chini ya miguu ya dereva, vizingiti chini ya milango, na yale mabomba ya pembe nne yapitayo chini ya sakafu kuishikilia bodi. Gari hili halina chesisi ya peke yake; bodi ndiyo chesisi. Bodi ikioza, hakuna kinachobaki.

Hapo ndipo hadaa nyingi hutendeka. Muuzaji hujaza puti penye tundu, akapiga msasa, akapaka rangi, na gari likang’aa kama sahani ya biharusi. Mnunuzi hufurahi miezi sita. Mvua ya masika ikija, rangi huinuka, puti likadondoka, na tundu lile la kidole huwa la ngumi.

Tazama afanyavyo fundi wa jahazi. Chombo kikipandishwa pwani, haanzi na tanga. Huzunguka akigonga mbao moja moja, akisikiliza sauti, mpaka ajue ubao upi ni mzima na upi umeliwa. Uliooza huutoa wote, akatia mwingine, akapiga kalafati, akapaka shahamu. Tanga ni mwisho. Na fundi wa gari la kale ni vivyo hivyo: agonge, akate mpaka afikie chuma kizima, achomelee bati jipya, apake dawa ya kuzuia kutu ndani ya pembe zile zisizoonekana, ndipo afikirie rangi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika gari, ukuta huo ni ghali.

BREKI KABLA YA INJINI

Bodi ikishakuwa nzima, vijana wengi hukimbilia injini. Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Gari la miaka hamsini lina mipira iliyokauka, mipaipu ya breki iliyooza kwa ndani na springi zilizolala. Ukiliongezea nguvu likiwa katika hali hiyo, umemvisha mgonjwa viatu vya kukimbilia.

Mpango ulio salama ni huu. Kwanza, bushi zote za miguu na shokomzoba zibadilishwe, kwani gari lenye bushi zilizokufa hulewa barabarani na tairi zake hazigusi chini inavyotakiwa. Pili, mipaipu na silinda za breki ziwe mpya. Tatu, ndipo breki ziongezwe nguvu. Hapa pana jambo litakalomfurahisha msomaji wetu: wafufuaji wa 240Z, Marekani na kwingineko, kwa miaka mingi wamechukua koleo za breki za mbele za Toyota Hilux ya kale, zenye pistoni nne, wakazitia mahali pa zile za asili zenye pistoni mbili. Hukaa kwa kazi ndogo. Kifaa cha gari la mizigo kimekuwa mlinzi wa gari la fahari.

Tairi nazo zisisahauliwe. Gari hili lilitoka kiwandani na magurudumu membamba ya inchi 14. Gurudumu pana kidogo hushika barabara vizuri zaidi, lakini likipita kiasi husugua bodi na kuufanya usukani mzito, maana gari hili halina msaada wa kuzungusha usukani. Kiasi ni bora katika kila jambo.

SASA INJINI

Tumefika mahali ambapo masikio ya wengi yalikuwa yakingojea. Kabla ya kununua chochote, pima mbano wa kila silinda. Zote sita zikiwa karibu sawa, una msingi. Moja ikiwa imeanguka, ringi zimekwisha au valvu inavuja, na kabureta mpya hazitamfufua maiti. Ukumbuke pia kwamba petroli ya siku zile ilikuwa na madini ya risasi yaliyolinda viti vya valvu, na petroli hiyo haiuzwi tena katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara tangu mwaka wa 2006. Injini ya kale ikifunguliwa, viti hivyo vitazamwe, vikihitaji vitiwe vigumu.

Njia iliyozoeleka ya kuongeza nguvu ni kuitia 240Z injini ya mdogo wake, 280Z, iliyotoka mwaka wa 1975. Injini hizo ni za ukoo mmoja, kwa hivyo hukaa mahali pale pale. Ujazo hupanda kutoka sentimita 2,393 hadi 2,753, kwani tundu la silinda limepanuliwa kutoka milimita 83 hadi 86, na pistoni husafiri milimita 79 badala ya 73.7. Nguvu huongezeka bila injini kulazimishwa kupiga kelele.

Wengine huenda mbele zaidi, wakatoa kabureta mbili wakatia tatu za Weber, kila moja ina koo mbili, ili kila silinda ipate koo lake. Sauti yake, waama, ni tamu. Lakini injini ni kama mtu: ukimlisha sana ni lazima apumue sana. Hewa ikiingia kwa wingi, moshi utoke kwa wepesi. Kwa hivyo bomba la moshi na kamshafti lazima vilingane na kabureta. Ukitia kamshafti kali ya mashindano, nguvu yote huhamia kwenye mwendo wa juu, na huku chini gari hukohoa na kuzimika. Na msongamano wa magari kwenda Likoni wakati wa adhuhuri wajulikana. Gari la kukohoa, radieta ya kale na jua letu, hivyo vitatu havikai pamoja.

La busara ni kuanza na madogo yenye faida kubwa: radieta nzima, mwasho wa umeme badala ya pointi zinazochakaa, kabureta za asili zilizosafishwa na kupimwa sawasawa. Wengi wakifika hapo hugundua kwamba gari lao halikuwa na upungufu wa nguvu. Lilikuwa limechoka tu.

AMANA AU MALI?

Liko swali moja linalowagawanya wapenzi wa magari haya kama mabishano ya mpira. Je, ni halali kuligeuza gari la kale, au lirudishwe lilivyokuwa?

Wenye kutaka asili wana hoja. Mwacha asili ni mtumwa, na 240Z zilizo nzima zinapungua kila mwaka. Nissan wenyewe, katika miaka ya 1990, walinunua 240Z kuukuu huko Marekani, wakazifufua ziwe kama mpya na kuziuza. Hazikutimia hata 50. Na lile gari lililoshinda Safari ya 1971 halikutupwa. Lilihifadhiwa Japani, na mwaka wa 2013 wafanyakazi wa Nissan wenye chama chao cha kufufua magari walilishughulikia mpaka likatembea tena. Gari kama hilo ni ushahidi, na ushahidi haubadilishwi.

Wenye kutaka kugeuza nao wana lao. Gari liliundwa litembee, na lililofungiwa kama sanamu limekufa mara ya pili. Mwaka wa 2003 yalipoanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya kale, yaliyopata mara kadhaa kuwa na Mombasa kama mwanzo au mwisho wake, Rob Collinge alishinda kwa Datsun 260Z, ndugu wa 240Z. Gari hilo halikushinda kwa kuwekwa kabatini.

Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba pande zote mbili zaweza kukaa jamvi moja wakikubali sharti hili: lisifanywe jambo lisiloweza kutenguliwa. Injini ya asili ikitolewa, ifungwe vizuri iwekwe. Kabureta, breki na magurudumu ya kwanza yahifadhiwe. Bodi isikatwe kwa kupenda urembo. Leo gari ni lako. Kesho huenda likawa la mwanao au la mtu wa mbali, naye ana haki ya kulipata likiwa na nasaba yake.

Tena jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Kazi hii hula fedha, na fedha ikila ya shule na ya jikoni, hiyo si hobi tena bali ni israfu. Na gari lililofufuliwa kwa kujionyesha huishia kupimwa mbio penye watoto watokao chuoni na wazee wavukao kwenda msikitini. Mbio zina mahali pake, penye wasimamizi na njia iliyofungwa. Barabarani kwetu, heshima ya gari la kale ni kupita polepole, injini ikiimba kwa chini, mzee mmoja barazani akainua kichwa na kusema: “Hilo! Hilo nilipata kuliona likipita na matope yake.”