Lojban: lugha inayodai kujua ni wote au ni baadhi

Novemba 22, 1967, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio nambari 242, lililotaka majeshi ya Israel yaondoke katika maeneo iliyoyateka kwenye vita vya Juni mwaka huo. Ubishi ungalipo hadi leo: maeneo yote, au baadhi yake? Nakala ya Kiingereza haina kibainishi mbele ya neno "maeneo". Ya Kifaransa inacho. Israel hushikilia ile ya kwanza, mataifa ya Kiarabu huegemea ya pili.

Kiswahili nacho hakina kibainishi cha namna hiyo. Mfasiri wa habari akiandika "wanajeshi wameondoka", msomaji hutegemea muktadha kujua kama ni wote au wachache.

Lojban, lugha ya kubuni yenye msingi wa mantiki, hailiachi jambo hilo hivi hivi. Logical Language Group ya Marekani ilianza kuiunda mwaka 1987, ikifuata mfano wa Loglan, lugha iliyoasisiwa na James Cooke Brown mwaka 1955.

Kwa mujibu wa sarufi yake iliyochapishwa 1997, neno linalotaja kitu hutanguliwa na kibainishi au idadi. "Le" huonyesha kitu mahususi alichokikusudia msemaji. "Lo" huonyesha kitu ambacho kwa hakika kina sifa iliyotajwa, ingawa baadaye matumizi yake yalipanuliwa. "La" hutangulia jina.

Kisha huja idadi. "Ro" ni kila au wote, "su'o" ni angalau mmoja, "no" ni sifuri. Mahali pa idadi nako kuna maana: katika "ci le mu gerku", yaani watatu kati ya mbwa watano, idadi iliyo baada ya kibainishi hutaja jumla yao, na iliyo kabla hutaja wanaohusika.

Tukisema kwa Kiswahili kwamba watu watatu walibeba piano, haijulikani kama waliibeba kwa pamoja au kila mmoja kwa zamu yake. Sarufi hiyo huzitenganisha maana hizo: "le ci prenu" ni kila mmoja wa hao watatu, "lei ci prenu" ni watatu hao kama kundi moja.

Je, Lojban ingeumaliza ubishi wa azimio 242? Neno "ro" lingetosha kusema maeneo yote. Lakini huenda kauli moja isingepatikana. Na hata mwanadiplomasia anayezungumza Lojban angeweza kukimbilia "le", akimaanisha maeneo anayoyajua moyoni, bila kuyataja ni yapi. Sarufi humpa msemaji njia ya kusema wazi, haimlazimishi kuifuata.