Kitabu kizima kina uzito gani kwenye simu yako?

Hivi karibuni kijana mmoja aliyekulia hapa Kakuma alirudi kuwatembelea wazazi wake. Alizaliwa Kivu Kusini, akaletwa hapa akiwa mtoto mdogo, na leo anaandika programu za kompyuta jijini Nairobi. Ametuomba tusitaje jina lake. Jioni moja aliketi chini ya mti na vijana, wakimbizi na wenyeji wa Turkana pamoja, na swali la wengi lilikuwa moja: aliwezaje kujifunza bila pesa ya bando?

Hakuanza na kompyuta. Alianza na kusoma.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kuandika," alisema. "Kuna siku naandika mistari ishirini tu. Muda uliobaki wote nasoma: kazi ya wenzangu, maelezo, ujumbe wa kosa ambao kompyuta imetoa. Mtu asiye na subira ya kumaliza ukurasa, kazi hii itamchosha mapema."

Kisha akawaomba watoe simu zao waangalie ukubwa wa faili. Hapo ndipo wengi walishangaa, na mimi nikiwa mmoja wao, kwa hiyo nieleze vizuri.

Herufi moja ya kawaida huchukua nafasi ya baiti moja. Kitabu cha kurasa 300 kina herufi kama laki tano au sita, yaani karibu nusu megabaiti. Kikiwekwa katika muundo unaoitwa EPUB, maandishi hubanwa na kuwa madogo zaidi. Sasa angalia ile video ya dakika moja uliyotumiwa jana kwenye WhatsApp: mara nyingi ni megabaiti kadhaa. Bando lililoliwa na video hiyo lingeleta riwaya tatu au nne, na riwaya ukishaipakua huilipii tena kila unapoifungua.

Tahadhari moja. Vitabu vingi vinavyozunguka kwenye simu zetu ni PDF zilizotengenezwa kwa kupiga picha kila ukurasa. Hizo si maandishi, ni picha, na kitabu kimoja kinaweza kufika megabaiti 50 au zaidi. Utazitambua kirahisi: ukijaribu kutafuta neno ndani yake, simu haioni kitu. Kabla ya kupakua, tafuta kama kitabu hicho kipo kwa EPUB.

Kwa marejeo kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix. Ilianzishwa mwaka 2007, na mmoja wa waanzilishi wake ni mhandisi Emmanuel Engelhart, ili watu wasio na intaneti waweze kusoma Wikipedia. Makala zote hubanwa ndani ya faili moja, unaipakua mara moja, halafu unasoma na kutafuta hata mtandao ukiwa umepotea siku tatu. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha ni takriban gigabaiti 100, haitoshi kwenye simu zetu nyingi. Ya Kiswahili ni ndogo sana kuliko hiyo, ingawa makala zake nyingi ni fupi; usitegemee upate humo kila jambo la kidato cha nne. Yapo pia mafungu ya somo moja moja, kama vile tiba au hisabati.

Ukiwa na jamaa anayekwenda mahali penye intaneti ya bure, mwombe akupakulie kwenye memori kadi. Kadi ikikataa faili kubwa, huenda haijaharibika. Kadi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ipangwe upya kwa mfumo wa exFAT, lakini hamisha picha zako kwanza kwa sababu zitafutika. Na programu yenyewe uichukue kutoka duka rasmi la simu au tovuti ya Kiwix, si kwenye faili ulilotumiwa na mtu usiyemjua. Mafaili ya namna hiyo yamewahi kubeba virusi vinavyoiba namba za siri za pesa.

Wazazi wenye watoto wadogo watafute African Storybook. Hadithi zake ni za bure, nyingine kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiturkana, na zinaruhusiwa kuchapishwa.

Kuna jambo moja sikukubaliana na mgeni wetu. Alisema simu inatosha. Mimi naona kitabu cha karatasi hakihitaji kuchajiwa, na watoto wanne wanaweza kukisoma kwa zamu bila kugombana na mama anayesubiri simu ya pesa. Alicheka, akasema kwao walikuwa saba.

Mwishoni msichana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono. "Kaka, wewe ulitoka. Mimi nikisoma habari za miji yote ya dunia na siruhusiwi kupita Lodwar bila karatasi, inanisaidia nini?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema. Mara ya kwanza alipopata nafasi ya chuo, ruhusa yake ya kusafiri ilichelewa na nafasi akapewa mwingine. Alikaa mwaka mzima nyumbani. Kitu alichokuwa nacho ni simu yenye kioo kilichopasuka na vitabu vya programu alivyonakili kwa rafiki.

"Sitakudanganya, dada. Vitabu havikuniletea ile karatasi," alisema. "Na nilipofika Nairobi niligundua kwamba mji niliousoma haukuwa ule. Hakuna kitabu kilichonifundisha kupanda matatu. Ila nafasi ya pili ilipokuja, walinipa siku tisa kabla ya mtihani. Siku tisa hazitoshi kuanza. Zilitosha kurudia."

Msichana aliuliza kama vile vitabu bado anavyo. Alikuwa navyo. Walitumia Bluetooth, na vyote vilihamia kwenye simu yake kabla ya giza kuingia.