Kisukari na kurudi kazini wakati wa UVIKO-19

Kurudi kazini kwa watu wenye kisukari wakati wa janga la UVIKO-19 ni suala la afya lililojitokeza mwaka 2020, nchi mbalimbali zilipoanza kulegeza masharti ya kukaa nyumbani. Mfano mmojawapo ni walimu wa Kenya. Kufungwa kwa shule kulitangazwa tarehe 15 Machi 2020. Walimu waliitwa kuripoti tarehe 28 Septemba, na wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi tarehe 12 Oktoba. Wengine walirudi Januari 2021. Serikali ilikuwa imeelekeza watumishi wa umma wenye umri wa miaka 58 na zaidi au wenye magonjwa ya kudumu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Lakini kwa mwalimu asiye na kompyuta wala intaneti, ambaye wanafunzi wake wako darasani, ruhusa hiyo ilikuwa ya karatasini zaidi.

== Hatari ==
Haijathibitishwa kwamba mwenye kisukari huambukizwa virusi vya korona kwa urahisi kuliko wengine. Tatizo ni kwamba akishaambukizwa huelekea kuugua sana. Nchini Uingereza, takriban theluthi moja ya waliofia hospitalini kwa UVIKO-19 katika miezi ya kwanza ya janga walikuwa na kisukari. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Novemba 2021 kuhusu nchi 13 za Afrika ulionyesha kwamba asilimia 10.2 ya wagonjwa wa UVIKO-19 wenye kisukari walifariki, ikilinganishwa na asilimia 2.5 ya wagonjwa wote.

Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, seli nyeupe za damu hupigana vibaya na vijidudu. Maambukizi nayo huufanya mwili utoe homoni kama kortisoli na adrenalini, ambazo hupandisha sukari zaidi. Umri, unene, shinikizo la damu na ugonjwa wa figo huongeza hatari hiyo.

== Maandalizi ==
Kwa sababu hiyo, barakoa peke yake haitoshi: sukari inatakiwa kuwa imeshuka kabla ya siku ya kuripoti. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, kwa hiyo hakirekebishiki kwa wiki moja ya kujinyima. Wagonjwa wengi walikuwa wameacha kwenda kliniki kwa hofu ya kuambukizwa, au kwa sababu ya kafyu na vizuizi vya kusafiri. Kwao hatua ya kwanza ilikuwa kumwona daktari, kupimwa figo na shinikizo la damu, na kuhakikisha dawa zipo za kutosha.

Miguu husahauliwa mara nyingi. Aliyevaa ndara nyumbani kwa miezi sita akirudia viatu vya kazini siku nzima hupata malengelenge, na mwenye ganzi miguuni hata hayasikii. Inafaa kuvaa viatu saa chache kila siku kabla ya kurudi, na kukagua nyayo kila jioni.

== Siku ya kazi ==
Nyumbani mtu hula anapotaka. Shuleni hutawala kengele. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari katikati ya kipindi: hutoka jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L, hunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha hupima tena baada ya dakika 15. Kwa kuwa barakoa huficha uso, ni vizuri mwenzake mmoja aijue hali yake. Chai ya saa nne yenye sukari nyingi pamoja na mandazi, kwa upande mwingine, huharibu hesabu ya siku nzima.

Kuzungumza kwa saa nyingi ukiwa na barakoa hukausha koo, na wengine hukwepa kunywa maji ili wasiivue. Mwenye kisukari hapaswi kufanya hivyo. Kabla ya kupima sukari anawe kwa maji na sabuni na kukausha vidole. Mabaki ya embe au ndizi kidoleni hutoa namba ya uongo, na kitakasa mikono hakiyaondoi vizuri.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, bila kugandishwa. Pasipo friji, chungu cha udongo kilicholoweshwa na kuwekwa kivulini husaidia.

== Akiugua ==
Mgonjwa wa aina ya 1 haachi insulini hata akishindwa kula. Hupima sukari kila baada ya saa chache na kunywa maji mara kwa mara. Metformini huenda ikasimamishwa kwa muda na daktari ikiwa mgonjwa anatapika au kuharisha. Kupumua kwa shida, kutapika kusikokoma au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Deksamethasoni, dawa ambayo mwaka 2020 ilithibitishwa kuokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO-19 wanaohitaji oksijeni, hupandisha sukari sana. Wanaopewa hupimwa mara nyingi zaidi, na baadhi ya waliozoea vidonge huhitaji insulini hadi matibabu hayo yaishe.