TDP-43: Protini ya Binadamu Itengenezwayo na Bakteria

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi protini moja ya mwili wa binadamu, iitwayo TDP-43, inavyotengenezwa nje ya mwili huo kwa ajili ya utafiti, na kwa nini mtafiti hana budi kuitumia kwa tahadhari. Kwanza, neno moja juu ya istilahi. Wanafunzi wetu, waliosoma sayansi kwa Kifaransa, wamezoea ADN na ARN. Maandishi mengi ya Kiswahili huandika DNA na RNA, nasi tutafuata desturi hiyo. Ama protini ipatikanayo kwa kuhamishia jeni ya kiumbe kimoja katika kiumbe kingine, tumependelea kuiita protini ya jeni pandikizi. Kusema “protini pandikizi” kungekuwa kufupi zaidi, lakini kinachopandikizwa ni jeni, wala si protini. Na jina lenye kasoro likishazoeleka ni vigumu kuling’oa.

Jina la TDP-43 lenyewe ni ushahidi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza virusi vya UKIMWI waligundua protini ya binadamu inayoshika sehemu ya DNA ya virusi hivyo iitwayo TAR. Wakaipa jina kutokana na sifa hiyo ya kushika DNA, na tarakimu 43 ikatokana na uzito wake, takriban daltoni 43,000. Baadaye ilidhihirika kwamba kazi yake kubwa katika seli inahusu RNA. Mwaka 2001 Emanuele Buratti na Francisco Baralle, huko Trieste, Italia, walionyesha kuwa hushika RNA mahali ambapo herufi U na G hupokezana, na kwa kufanya hivyo huathiri kipande gani cha ujumbe wa jeni kibakizwe na kipi kiachwe. Hata hivyo jina la DNA limebaki.

Hadi mwaka 2006 protini hii ilijulikana kwa wataalamu wachache tu. Mwaka huo watafiti wa Philadelphia, Marekani, na wengine wa Japani walitangaza kwamba mabonge yaonekanayo katika seli za neva za watu waliofariki kwa ugonjwa wa Charcot yamefanyizwa na TDP-43. Ugonjwa huo huua neva zinazoongoza misuli. Mgonjwa hupoteza nguvu za viungo, kisha za kumeza na za kupumua. Kwa kawaida TDP-43 hukaa ndani ya kiini cha seli; katika seli zilizougua huwa imekihama kiini na kugandamana nje yake. Tangu mwaka 2008 yamepatikana pia mabadiliko ya jeni yake katika baadhi ya familia zenye ugonjwa huo. Protini hii ni mnyororo wa asidi amino 414. Katikati mna sehemu mbili za kushika RNA. Mwishoni mna mkia wenye glisini nyingi, na ni katika mkia huo ambamo mengi ya mabadiliko hayo hutokea.

Sasa, ili kujua kwa nini hugandamana, yatakiwa kuwa nayo ikiwa safi na kwa wingi. Huchukuliwa nakala ya DNA iliyotokana na ujumbe wa RNA uliokwisha kukatwa na kuungwa, kwa sababu bakteria hawawezi kukata vipande vya ziada vilivyomo katika jeni ya binadamu. Nakala hiyo hutiwa katika plasmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA, na plasmidi huingizwa katika bakteria Escherichia coli, ambao huanza kutengeneza protini wasiyoihitaji wao wenyewe.

Hapo ndipo ugumu huanzia. Bakteria wakiachwa wafanye haraka katika joto, TDP-43 hugandamana ndani yao; kwa hiyo aghalabu hupozwa hadi nyuzi 16 hivi usiku kucha. Tena huunganishwa na protini nyingine ya bakteria, ishikayo sukari ya maltosi, ili iyeyuke vizuri majini. Kiungo hicho kikikatwa kwa kimeng’enya, mabonge hujitokeza mbele ya macho ya mtafiti, na jaribio huanza. Pia, kwa kuwa ni protini ya kushika RNA, hutoka imeng’ang’ania RNA ya bakteria. Asiyeiondoa kwa chumvi nyingi au kwa vimeng’enya, kisha akapima mwanga unaofyonzwa katika nanomita 260 na 280, atadhani anapima protini tupu kumbe sivyo.

Ipo tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho. Katika mabonge ya wagonjwa, TDP-43 ina alama za fosfeti, hasa kwenye asidi amino za 409 na 410. Ile ya bakteria kwa kawaida haina. Mtu akiona dawa imezuia mabonge katika chupa, hajaona bado kwamba itayazuia katika neva.

Protini hii huhifadhiwa katika nyuzi 80 chini ya sifuri, katika vichupa vidogo vya kutumika mara moja, maana kuigandisha na kuiyeyusha tena na tena huiharibu. Kwa maabara ambako umeme hukatika, sharti hili ni zito kuliko bei. Na maneno “kwa utafiti wa maabara tu” yaandikwayo juu ya kichupa si mapambo: masalio ya ngozi ya bakteria yanaweza kubaki humo, nayo yakiingia katika damu ya mtu humletea homa kali.