Unyayo wa Nyumba Yako: Namna ya Kuupima

Mgonjwa akifika hospitali, mganga hamwambii mara moja, «Meza dawa hii.» Kwanza anapima. Anapima homa, anapima damu, anamweka mtoto katika mizani. Anaandika hesabu katika karatasi, na kwa njia hiyo anajua ugonjwa umefika wapi. Kisha siku chache anapima tena, kusudi ajue kama dawa imesaidia. Pasipo kupima, mganga na mgonjwa wanakisia tu.

Ni vilevile kwa nchi tunayokaa. Watu wengi wanasema, «Miti inakwisha. Udongo umechoka. Maji ya mto yamechafuka.» Maneno haya ni kweli, lakini hayatuonyeshi kila nyumba inaharibu kiasi gani, wala ianze wapi kutengeneza. Katika habari hii tutajifunza kupima mambo matatu: moto wa jikoni, shamba, na takataka. Hakuna haja ya mashine. Inatosha mizani ya sokoni, ndoo mbili, vijiti, chupa moja na kaye.

UNYAYO NI NINI?

Mtu akipita katika matope, unyayo wake unabaki nyuma yake. Mtoto anaacha unyayo mdogo, tembo anaacha unyayo mkubwa. Katika miaka ya 1990, watu wawili wa chuo kikuu cha British Columbia katika nchi ya Kanada, William Rees na Mathis Wackernagel, walifanya neno hili kuwa kipimo. Waliuliza hivi: ili mtu apate chakula, kuni na nguo, na ili uchafu wake upokelewe na nchi, inahitajiwa hekta ngapi za udongo, msitu na maji? Hesabu hiyo waliiita unyayo.

Wengine wanapima kwa njia nyingine. Wanahesabu kilo za hewa ya ukaa, ni kusema ile hewa inayotoka katika kila moto na kupanda juu. Hewa hiyo ikizidi, inashika joto la jua kama blanketi, na dunia inapata joto kupita kiasi.

JE, UNYAYO WA WAKONGO NI MKUBWA?

Tuhesabu kwa haki. Tukipima hewa ya ukaa inayotoka katika mafuta ya petroli, gesi na makaa ya mawe, mtu mmoja wa Marekani anatoa karibu tani 14 kwa mwaka. Mtu mmoja wa Kongo hafikishi hata kilo 100. Basi mtu asikudanganye kwamba joto la dunia limetoka katika mbabula ya mama wa Bukavu au Beni.

Lakini hesabu hiyo haikuhesabu miti. Tangu mwaka wa 2021 mpaka 2023, kila mwaka Kongo ilipoteza karibu hekta 500 000 za msitu wa asili. Brazil peke yake ilipoteza kuliko sisi. Sehemu kubwa ilikatwa kwa ajili ya mashamba madogo, na karibu na miji mikubwa inakatwa vilevile kwa ajili ya kuni na makala. Na hasara hiyo haiendi mbali. Inaanza kwetu: kifua cha mtoto kinakohoa, udongo unateremka na mvua, chemchemi inakauka. Kwa hiyo tunapima kwa faida yetu wenyewe kwanza.

1. MOTO WA JIKONI

Asubuhi, mbele ya kuwasha moto, pima makala yote yaliyo katika gunia. Andika. Kisha siku 7 pima yaliyobaki. Toa hesabu ya pili katika ile ya kwanza, gawanya kwa 7, nawe utajua kilo za kila siku.

Tuseme nyumba moja inatumia kilo 2 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730. Lakini gunia la makala linaficha jambo moja. Katika tanuru ya udongo, kama watu wetu wanavyozoea kuchoma, inahitajiwa kilo 5 mpaka 10 za kuni kwa kupata kilo 1 ya makala. Kuni nyingine zinapotea kwa moshi na majivu kule msituni, mama wa mji asizione. Basi kilo 730 za makala ni kilo 3 650 mpaka 7 300 za miti. Huo ndio unyayo wa chungu cha nyumba moja.

Sasa tuseme mama huyo anapata mbabula yenye udongo wa kuchomwa ndani yake, namna ile iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Mbabula hiyo inashika joto, haiachi lipotee pembeni. Ikiwa ni nzuri, inaweza kupunguza makala kwa theluthi moja au zaidi. Theluthi ya kilo 730 ni kilo 243. Miti iliyookoka ni zaidi ya tani 1, na pesa za makala hayo zinabaki mkononi mwa mama.

Kuna njia nyingine zisizo na bei:
– Loweka maharagi usiku kucha, kisha mwaga maji yale. Yataiva upesi zaidi.
– Funika chungu.
– Pasua kuni ndogo, uzikaushe vizuri. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi na joto kidogo.
– Chakula kikiiva, zima makala yaliyobaki, uyatunze kwa kesho.

Nao moshi, tuutazame kama watu wa hospitali. Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 3 na laki 2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya hewa chafu ya nyumbani, iliyotoka katika moto wa kupikia na taa za mafuta. Zaidi ya 237 000 walikuwa watoto chini ya miaka 5. Moshi unaingia katika mapafu ya mtoto aliyebebwa mgongoni, na anapata ugonjwa wa mapafu upesi. Mama naye anaumwa macho na kifua. Pika nje, au katika jiko lenye dirisha na mlango wazi, na mtoto mdogo akae mbali na moshi.

Watu wengine wanafikiri kwamba makala ni salama kwa sababu hayana moshi mwingi. Hapana! Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Usilale hata siku moja na mbabula yenye moto ndani ya nyumba iliyofungwa. Watu wamelala hivyo kwa kukimbia baridi, na asubuhi hawakuamka.

2. SHAMBA

Shamba tunalipima kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mavuno. Pima kipande cha mita 10 kwa mita 10. Ukivuna, pima kilo za maharagi yaliyokauka yaliyotoka katika kipande hicho tu. Tuseme umepata kilo 5, na nyumba yako inahitaji kilo 100. Basi unahitaji vipande 20. Jirani yako anatia mbolea ya mbuzi na majani yaliyooza, naye anapata kilo 10. Yeye anahitaji vipande 10 tu. Ninyi wawili mnakula sawasawa, lakini unyayo wako ni mara mbili ya unyayo wake. Mtu ambaye shamba lake limechoka analazimishwa kukata msitu mpya. Hakatai kutunza nchi, bali njaa inamsukuma. Kwa sababu hiyo, kulisha udongo wa zamani ni kuokoa msitu.

Njia ya pili ni kupima udongo unaopotea. Piga vijiti 10 imara katika mteremko, juu, katikati na chini. Weka alama mahali kijiti kinapokutana na udongo. Kisha mvua za masika, tazama tena. Kama alama imebaki juu, udongo umeondoka. Usidharau unene wa milimita 1. Katika hekta moja, milimita 1 ya udongo ni zaidi ya tani 10! Hakuna mtu angekubali kubeba tani 10 za udongo wake mzuri kwa kichwa na kuzitupa mtoni, lakini mvua inafanya kazi hiyo bila kelele.

Tena, chota maji ya kijito katika chupa siku ya mvua, uyaache usiku kucha. Udongo utakaokaa chini ya chupa ni shamba la mtu fulani.

Wazee wa Kivu wanakumbuka mitaro ya kuzuia udongo iliyochimbwa wakati wa Wabelgiji. Watu walilazimishwa, kwa hiyo wengi waliiacha kisha uhuru. Kulazimisha kulikuwa kubaya, lakini mtaro wenyewe si mbaya. Chimba mtaro ukikata mteremko, usifuate njia ya maji. Panda majani ya ng'ombe kwenye ukingo wake, nayo yatashika udongo na kulisha mifugo. Usichome majani ya shamba kila mwaka, kwa maana moto unapeleka hewani chakula kingi cha udongo. Yafunike juu ya ardhi, au yaoze shimoni.

3. TAKATAKA

Weka ndoo mbili jikoni kwa siku 7. Katika ndoo ya kwanza tia vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na muhogo, majani, mabaki ya chakula. Katika ndoo ya pili tia visivyooza: sashe, chupa za plastiki, mikebe. Pima kila ndoo jioni, andika, kisha uimwage mahali pake.

Katika nyumba nyingi za Afrika utaona kwamba ndoo ya kwanza inashinda kwa uzito. Habari njema! Sehemu kubwa ya takataka yako ni mbolea. Itie katika shimo pamoja na majani makavu na majivu kidogo, igeuze mara kwa mara ili hewa iingie. Ikirundikwa bila hewa, inatoa harufu mbaya, nzi, panya, na gesi ya metani. Katika miaka 100, kilo 1 ya gesi hiyo inaongeza joto la dunia kuliko kilo 27 za hewa ya ukaa.

Ndoo ya pili ni nyepesi, lakini inaleta shida kubwa. Mkebe au chupa iliyovunjika ikishika maji ya mvua, inakuwa nyumba ya mbu wanaoleta homa ya manjano. Sashe zikiziba mfereji, maji yanasimama. Ukichoma plastiki, moshi wake una sumu. Basi punguza mbele ya kununua: chukua kikapu kwenda sokoni. Mwezi wa 12 wa mwaka wa 2017 serikali ya Kongo ilitoa amri ya kukataza sashe za plastiki. Zingali zinaonekana sokoni, lakini kikapu chako hakingoji amri.

MAMBO MATATU YAMESHIKAMANA

Tazameni Bukavu. Mji umejengwa katika vilima juu ya ziwa Kivu. Takataka zinazotupwa katika mifereji zinateremka na mvua mpaka ziwani. Udongo wa milimani unateremka pamoja nazo. Ziwa linatokea katika mto Ruzizi, na hapo pana barage ya umeme iliyojengwa mwisho wa miaka ya 1950. Chupa na sashe zinaelea mpaka kwenye barage, na wafanyakazi wanaziondoa. Mwaka wa 2022 takataka hizo ziliharibu kazi ya mashine moja, na umeme ukapunguka.

Umeme ukikatika, nyumba iliyokuwa ikipika kwa umeme inarudia mbabula. Makala mengine yanayouzwa Bukavu yanatoka katika msitu wa Kahuzi-Biega, uliofanywa mbuga ya kulindwa mwaka wa 1970. Miti ikikatwa, udongo wa mlima unaachwa uchi, na mvua inauteremsha. Mnaona? Sashe iliyotupwa mferejini inaweza kuangusha mti mlimani. Lakini kamba hiyo inavutwa pande zote mbili: nyumba ikitengeneza jambo moja, inasaidia yale mengine.

KAYE YA NYUMBA

Chora mistari minne katika kaye: tarehe, kilo za makala au kuni, kilo za taka zinazooza, kilo za visivyooza. Andika vilevile hesabu ya watu waliokula siku ile, kwa maana nyumba ya watu 10 haiwezi kulinganishwa na nyumba ya watu 4. Gawanya kilo kwa watu.

Pima siku 7. Kisha badilisha jambo moja tu, kama mbabula au kuloweka maharagi. Pima tena siku 7. Ukibadilisha mambo matano kwa mara moja, hutajua lipi lilisaidia. Kama hesabu haikushuka, usijidanganye kwa kuwa mbabula ni mpya. Tafuta njia nyingine. Usipime siku za arusi au kilio, kwa maana siku hizo si za kawaida.

Mtoto anayesoma anaweza kuwa mwandishi wa kaye. Na baba asiiache kazi hii kwa mama peke yake, kwa kuwa baba naye anakula chakula kilichopikwa kwa makala hayo.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kilo 1 ya makala inatoka katika kilo ngapi za kuni?
2. Kwa nini ni hatari kulala na mbabula yenye moto?
3. Nyumba mbili zinakula maharagi sawasawa. Kwa nini unyayo wa moja unaweza kuwa mara mbili?
4. Takataka za nyumba yako zinakwenda wapi mvua ikinyesha? Fuateni mfereji kwa miguu mpaka mwisho wake, mtazame.
5. Ni jambo gani moja utakalobadilisha juma hili, na utalipima namna gani?