Mtoto anapoomba vifaa vya filamu, anza na sauti

KIJANA anarudi likizo Babati mjini na habari mbili. Chuoni wamepewa kazi ya kutengeneza filamu fupi, na yeye anaomba fedha za kununua gimbali, kifaa cha kuituliza kamera mpiga picha anapotembea. Mzazi, kabla hujagusa fedha za mahindi, muulize swali moja: bibi atakayezungumza kwenye filamu hiyo atasikika?

Mtazamaji huvumilia picha inayotikisika kidogo. Akikosa maneno, anaacha kuangalia. Maiki iliyomo ndani ya simu au kamera hubeba kila kitu: upepo wa Ziwa Babati, bodaboda, malori ya barabara ya Dodoma. Dawa yake ni kuisogeza maiki karibu na mdomo. Maiki ndogo ya kubana kifuani, iliyovikwa sponji au manyoya ya kukinga upepo, inatosha kwa kuanzia.

Asiyeweza kuinunua atumie simu ya pili. Aifiche karibu na msemaji, ianze kurekodi, kisha apige kofi moja mbele ya kamera. Mlio wa kofi hilo utamsaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa kuhariri.

Hedifoni nazo ni muhimu, kwa sababu hufichua mngurumo wa friji kabla bibi hajaenda zake. Ila masikio yatunzwe: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki.

Kamera je? Kwa mtu anayezungumza akiwa amekaa, stendi ya miguu mitatu inatosha. Gimbali inafaa kumfuata mtu anayetembea sokoni, na kama ni kwa siku moja tu, heri kuazima au kukodi. Hata magwiji walibuni: katika filamu ya Kifaransa À bout de souffle, iliyotoka mwaka 1960, mpiga picha Raoul Coutard alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kiti cha mgonjwa anayekihitaji, hata hivyo, kisiguswe.

Kabla ya kulipa chochote, kaeni sebuleni. Kijana amrekodi bibi dakika mbili akisimulia, kisha msikilize mkiwa mmefumba macho. Mkielewa kila neno, ndipo mzungumzie gimbali.