"Jealous" na "Envious": Wivu na Kijicho

Maneno mawili ya Kiingereza, "jealous" na "envious", huwatatiza wengi, maana katika usemi wa kila siku sisi huyaita yote mawili wivu. Waingereza wenyewe huyachanganya katika mazungumzo. Lakini mwalimu wa dini asiyeyapambanua aweza kumsingizia Mungu tabia isiyo yake.

Tuanze na asili. "Envious" latokana na neno la Kilatini "invidia", lenye shina la kutazama. Maana yake ni kumtazama mtu kwa jicho baya. Mswahili hana haja ya kuelezwa zaidi, kwani naye asema kijicho, kutokana na jicho. Mwenye kijicho hutazama kilicho cha mwenziwe, akaumia kwa kuwa mwenziwe amekipata. "Jealous" asili yake ni neno la Kiyunani "zelos", lililozaa pia "zeal", yaani juhudi. Neno hili ni jirani wa ghera yetu, iliyotoka kwa Waarabu. Aliye "jealous" hulinda kilicho chake asipokonywe.

Basi kipimo ni hiki: kitu kinachomhangaisha mtu ni cha nani? Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Othello, Iago aona uchungu kwa kuwa Cassio amepewa cheo alichokitaka yeye. Huyo ni "envious". Othello ahofu kupokonywa mkewe, Desdemona. Huyo ni "jealous". Nao wivu wake, kwa kuwa ulijengwa juu ya uongo, ulimwangamiza.

Sasa tutazame Maandiko. Katika Kutoka 20:5, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yamwita Mungu "jealous", na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 yatumia neno wivu. Lakini katika Mathayo 27:18, palipo na sababu ya Yesu kutolewa kwa Pilato, Kiingereza chasema "envy", na Kiswahili husuda. Wafasiri wetu walipambanua vema. Mungu hawezi kuwa na husuda, maana hakuna kitu kisicho chake. Bali hakubali watu aliowafanyia agano wachukuliwe na miungu mingine.

Kwa hiyo, tufundishapo Amri Kumi, tusilitaje neno wivu na kulipita. Mwanafunzi amjuaye jirani anunaye kwa sababu ya ng'ombe wa mwenziwe atadhani Mungu ni kama huyo. Afadhali tumwonyeshe mume amlindaye mkewe, apate kuelewa kwamba wivu huo ni upande wa pili wa upendo.